TAA YA SOLA ISIWE KAMARI YA MNYONGE

Maneno haya yalisemwa kijijini Baleni, Mafia, na fundi mmoja wa redio na simu, mzaliwa wa hapo hapo anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuwa akizungumza na vijana waliorudi nyumbani kwa Sikukuu ya Idd. Tunayatoa kama alivyoyasema, kwa kuwa aliyeambiwa hasa ni kijana wa mjini.



Wengi wenu mmefika jana na juzi. Mmepanda basi Mbagala mpaka Nyamisati, mkavuka bahari mpaka Kilindoni, kisha mkapakiwa pikipiki mpaka hapa Baleni. Na katika mizigo yenu, mbali na sukari, kanga za bi mkubwa na viatu vya watoto, najua kuna kitu kimoja ambacho karibu kila begi limekibeba: taa ya sola. Ndiyo zawadi ya siku hizi. Zamani mtu akitoka mjini alikuja na redio kwapani. Leo anakuja na jua ndani ya boksi.

Nimeombwa niseme machache juu ya boksi hilo. Sitahutubia, maana hotuba zina wenyewe. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kufungua vitu vilivyokufa na kutazama vimekufa kwa ugonjwa gani. Na wewe usiyekuwepo hapa, unayesoma maneno haya ukiwa Manzese, Temeke, Tanga au Mwanza, usiseme hayo ni ya watu wa shamba. Ni yako hasa, na nitakuonyesha kwa nini.

Taa ya shangazi

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana asiyeanza na lake hana haki ya kusema la mwenzake.

Miaka michache iliyopita nilinunua taa kumi za sola katika duka moja la jumla Kariakoo. Jina la duka sina haja nalo. Boksi lilikuwa zuri kuliko kitabu cha shule. Limeandikwa paneli wati 20, mwanga saa 24, waranti miaka 2. Nikazileta hapa na kuziuza shilingi 35,000 moja. Faida yangu ilikuwa nauli na kidogo juu yake.

Mmoja wa walionunua ni shangazi yangu. Kazi yake mnaijua: anasuka mikeka. Mchana ana shamba, ana kuni, ana wajukuu. Ukili anaushika baada ya sala ya isha. Kwa hiyo mwanga kwake si anasa. Mwanga kwake ni jembe. Alizihesabu noti moja moja, nyingine zimekunjwakunjwa mpaka zimekuwa kama kamba, akaniambia, "Mwanangu, hii ni mikeka yangu ya miezi miwili. Naitoa kwa sababu ni wewe."

Mwezi wa kwanza taa iliwaka vizuri. Mwezi wa pili ikawa inazimika saa nne usiku. Mwezi wa tatu, saa mbili. Mwezi wa nne ikawa inang'aa kama kishungi cha sigara, kisha kimya. Mjukuu wake alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Wakarudia kibatari. Nilipokuja likizo, shangazi aliniletea ile taa imefungwa ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: "Na hiyo waranti ya miaka 2, niipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaifungua taa.

Sikiliza nilichokiona, na ukikariri, maana kitakusaidia dukani. Kipande cha paneli chenye ukubwa wa karatasi ya A4, hata kikiwa cha daraja la juu, hutoa kama wati 12 au 13 jua likiwa la utosi. Paneli ya shangazi ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini imeandikwa 20. Betri ilikuwa seli ya duara, nene kidogo kuliko kidole gumba, imechapwa namba 9,900. Seli nzuri za ukubwa ule huzunguka kwenye 3,500. Hiyo 9,900 haipo. Ni sawa na kuchukua debe la lita 20 ukaliandika lita 60.

Nikachana ganda la nje la ile seli, lilikuwa jipya kabisa. Chini yake nikakuta alama za kuchomelewa zamani. Maana yake seli ilishatumika kwenye kifaa kingine, ikachakaa, ikang'olewa na kuvalishwa koti jipya. Tena hapakuwa na saketi ya kuizuia betri isinyonywe mpaka tone la mwisho, jambo ambalo huua betri upesi. Na waya ndani zimeshika kutu, kwa sababu kasha halikuziba na hewa yetu hapa ina chumvi.

Ndugu zangu, kama ningefungua taa moja pale Kariakoo kabla ya kununua kumi, ningeyaona yote hayo kwa dakika tano. Sikufungua. Nilitazama bei. Kosa ni langu. Lakini sasa jiulize: ikiwa fundi amedanganywa na boksi, shangazi wa Baleni angejuaje?

Si vitochi hivyo

Kuna wakubwa ambao ukiwatajia taa za sola wanacheka. Wanaona ni vitochi. Wao wakisema umeme wanataka megawati, mabwawa na mikasi ya kukatia utepe.

Basi tuwape hesabu. Mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, walifanya uchunguzi wa hali ya nishati Tanzania Bara. Walikuta kaya zenye umeme wa aina yoyote ni asilimia 32.8. Lakini tazama vijijini: kati ya kaya zilizokuwa na umeme huko, asilimia 64.8 umeme wao ulikuwa wa sola. Mijini, sola ilikuwa asilimia 3.4 tu. Kwa maneno mengine, mjini umeme ulikuwa TANESCO, na kijijini umeme ulikuwa hicho unachokiita kitochi.

Tangu hapo nguzo zimesambaa sana, hatukatai. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini nguzo kupita barabarani si balbu kuwaka chumbani. Kuna kuunganishwa, kuna kutandaza waya, kuna kununua luku. Na kisiwa kina yake. Kwa miaka mingi umeme wa Mafia umetoka kwenye mashine za dizeli pale Kilindoni, na dizeli yenyewe inavuka bahari. Huko bara limejengwa Bwawa la Nyerere juu ya mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mto huo huo unamwaga maji yake baharini mbele ya macho yetu sisi watu wa Mafia. Maji tunayaona. Waya wa kuvuka bahari ni hesabu nyingine.

Kwa hiyo kwa mnyonge wengi, shirika lao la umeme limekuwa ni yule kijana anayeuza taa. Na hapa ndipo penye mzizi wa fitina. TANESCO inasimamiwa na EWURA. Bei yake inajadiliwa, na ukionewa una mahali pa kulalamika. Lakini hili shirika lisilo na jina, linalouza umeme ndani ya boksi, linasimamiwa na nani?

Sheria zipo, mlinzi yuko wapi?

Usije ukadanganywa kwamba nchi hii haina sheria. Karatasi tunazo, tele.

Shirika la Viwango, TBS, limeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na mwaka 2009 likapewa sheria mpya yenye meno zaidi. Tangu Februari 2012 kuna utaratibu kwamba bidhaa zikaguliwe huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kuwinda bidhaa bandia.

Hata kipimo cha taa hizi ndogo kipo. Mpango wa kuangaza Afrika ulioanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 2007 ulianza kuzipima, na mwaka 2020 vipimo hivyo vikawa kiwango cha kimataifa kwa mitambo midogo isiyozidi wati 350. Masharti yake hata mtoto anayaelewa. Kilichoandikwa kwenye boksi kisipungukiwe na ukweli kwa zaidi ya asilimia 15. Taa ikishawaka saa 2,000 iwe bado ina angalau asilimia 85 ya mwanga wake. Waranti isiwe chini ya mwaka 1 kwa taa ndogo, na miaka 2 kwa mtambo wa nyumba.

Sasa chukua taa ya shangazi uipitishe kwenye masharti hayo. Haina hata moja iliyofaulu. Ilipitaje basi?

Ilipita kama wengi wanavyopita. Kontena moja lina mizigo ya watu wengi: viatu huku, vyombo kule, taa katikati. Mkaguzi ana meza moja na foleni ndefu. Hata TBS yenyewe, mwaka 2019 iliongezewa mzigo wa vyakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA. Na mzigo ukishatoka bandarini ukaingia sokoni, ni bahari. Halafu siku wakiamua kufanya msako, nani anashikwa? Si mwenye kontena. Ni wewe kijana mwenye taa kumi juu ya meza ya mbao. Mwenye kontena amekaa ghorofani na kiyoyozi, anasubiri upepo upite aagize lingine.

Na mnunuzi je? Shangazi akitaka kushitaki, kutoka Baleni mpaka kwenye ofisi ya kumsikiliza kuna pikipiki, boti na basi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kulala, inazidi bei ya taa. Haki inayogharimu kuliko kitu ulichoibiwa ni haki ya kwenye vitabu. Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe humnyakua. Kuku wetu ndiyo hii taa.

Somo la mafuta ya taa

Hapa mtu atasema: basi serikali iingie na rungu. Ngojeni kwanza. Rungu likirushwa ovyo tunajua linaangukia kichwa cha nani.

Mnakumbuka mwaka 2011? Kulikuwa na uchakachuaji. Wenye vituo vya mafuta walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Serikali ikatafuta dawa. Dawa gani? Katika bajeti ya mwaka huo ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Mwizi alikuwa kwenye kituo cha mafuta mjini, lakini fimbo ikatua kwenye kibatari cha shangazi. Yeye hajawahi kuchakachua hata kijiko. Wengi waliokimbilia taa za sola siku zile hawakukimbilia maendeleo. Walikuwa wanaikimbia bei.

Jirani zetu Kenya nao walionja. Mwaka 2020 waliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vya sola, bei ikapanda. Mwaka uliofuata wakaurudisha. Mwaka mzima mnyonge alilipia majaribio ya wakubwa.

Basi tuseme wazi: kusimamia si kutoza. Kusimamia ni kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Serikali ikija na usimamizi ambao matokeo yake ni kodi mpya, kibali kipya na stika mpya ya kulipia, tujue huo ni ulaji tu uliovalishwa koti jipya, kama ile seli niliyowasimulia.

Wakenya waliungua kabla yetu

Kenya sola ilianza kuuzwa madukani zamani, tangu miaka ya 1980. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipima paneli za bei nafuu zilizokuwa sokoni huko. Walikuta nyingi ni za kweli, lakini kulikuwa na aina iliyotoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa. Ubaya ni kwamba nzuri na mbovu zilikaa kwenye rafu moja na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha. Matokeo yalipotangazwa, waliokuwa na mali mbovu walibanwa. Katikati ya miaka ya 2000 paneli mbovu nyingine zikaingia tena. Funzo lake: ukaguzi wa mara moja haufai. Soko likiachwa mwaka mmoja tu, mwongo anarudi, kwa sababu uongo ni rahisi kuutengeneza kuliko paneli.

Mwaka 2012 Wakenya wakatunga kanuni za sola na kuwagawa mafundi kwa madaraja. Fundi wa daraja la chini kabisa anaruhusiwa mitambo midogo, mpaka wati 100. Wazo si baya. Lakini tulitazame kwa macho mawili. Kumpima fundi ni jambo jema. Kumnyima kazi fundi wa kijijini kwa kuwa hana cheti wala nauli ya kukifuata, hilo si jema.

Tutazame Unguja. Pale Kinyasini kuna kituo cha Barefoot College ambako akina mama wa vijijini, wengine hawakusoma sana, wanafundishwa kufunga na kutengeneza sola kwa kufuata rangi na kwa kushika kwa mikono. Wakirudi kwao wanawasha nyumba za majirani na kuzitengeneza zikiharibika. Kama mama wa Unguja anaweza, kijana wa Baleni aliyemaliza kidato cha nne akakaa barazani anashindwaje? Anachokosa si akili. Anakosa mwalimu, kipimo cha umeme cha mkononi na vipuri vya kweli.

Taa ya kukopa na betri iliyokufa

Yako mambo mawili ambayo sheria zetu zimekuwa nyuma nayo, na mkae mkiyajua.

La kwanza ni sola ya kukopa. Unalipa kianzio, kisha unalipa kidogo kidogo kwa simu. Ukichelewa, kampuni inaizima kutoka mbali na wewe unabaki gizani huku mtambo uko juu ya paa lako. Sisemi ni wizi. Wako waliopata mwanga kwa njia hiyo ambao wasingeweza kamwe kulipa kwa mkupuo. Nauliza tu: jumla utakayolipa mpaka mwisho imeandikwa wapi, na kwa lugha gani? Mtambo ukiharibika kabla deni halijaisha, unaendelea kulipa? Na kampuni yenyewe ikianguka? Mwaka 2019 Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na wateja wengi hapa kwetu, ilifilisika, na mwaka huo huo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Safari ile alipatikana mnunuzi. Lakini umeme wa nyumba ya mtu usitegemee bahati ya kupatikana mnunuzi. Sheria iseme mapema deni, waranti na huduma vinahamia kwa nani.

La pili ni betri iliyokufa. Tunaitupa nyuma ya nyumba, watoto wanaichezea. Mitambo mingine bado inatumia betri za risasi, na risasi ni sumu. Nendeni mkaulize Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na sumu ikaingia kwa watu wanaoishi ukutani mwake. Julai 2020 mahakama iliwapa wananchi hao fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano mrefu Mahakama ya Juu ikaipa nguvu tena hukumu hiyo Desemba 2024. Hela hazimrudishii mtoto damu yake. Sisi hapa tunakunywa maji ya visima. Tusingoje mahakama.

Tunadai nini?

Kulalamika bila kudai ni kuimba. Kwa hiyo mimi fundi nadai haya matano.

Kwanza, taa zikaguliwe mlangoni na sokoni pia. TBS wanunue taa madukani kama mnunuzi wa kawaida, kila mwaka, wazipime, na majina ya zilizoshindwa yatangazwe redioni kwa Kiswahili.

Pili, boksi liandikwe Kiswahili: wati za kweli, saa za mwanga, aina ya betri, na jina na simu ya aliyeingiza nchini. Bidhaa isiyo na baba isiruhusiwe kuingia.

Tatu, waranti ilipwe pale pale kitu kiliponunuliwa. Duka la Kilindoni likiuza, Kilindoni ndiko taa irudishwe. Mwenye duka amdai wa jumla, wa jumla amdai mwenye kontena. Mnyororo uanzie chini kupanda juu, na mzigo ukae shingoni mwa mwenye uwezo. Shangazi asilazimishwe kuvuka bahari.

Nne, mafundi wa vijijini wafundishwe na kutambuliwa bure au kwa ada anayoiweza mtu anayeuza nazi. Na taa zitengenezwe ziweze kufunguka kwa bisibisi. Taa iliyogundishwa kwa gundi ikibadilishwa betri inavunjika, na anayefaidika ni muuzaji wa taa mpya.

Tano, anayeuza taa achukue betri chakavu, na kila halmashauri iwe na mahali pa kuzikusanya.

Katika yote matano hakuna kodi hata moja kwa mnunuzi. Anayetaka kuniambia haiwezekani aniambie kwanza TANESCO inawezekanaje kusimamiwa.

Na wewe, kijana wa mjini

Nilisema haya ni yako hasa. Ndiyo. Kwa sababu kati ya yule mwenye kontena na shangazi yangu, yuko mtu mmoja katikati, na mtu huyo ni wewe. Wewe ndiye unayezisimamia barabarani Kariakoo ukiita wateja. Wewe ndiye unayenunua tatu za kupeleka nyumbani. Watu wa kijijini hawamjui aliyeziingiza. Wanakujua wewe, mtoto wa fulani. Wananunua uso wako. Siku taa ikizima, mwenye kontena hapotezi kitu. Jina linalozama ni lako.

Kwa hiyo usiseme njaa ndiyo inayonituma. Njaa ninayo na mimi. Fanya mambo machache yasiyogharimu. Pima paneli kwa karatasi ya A4 kama nilivyokufundisha. Seli ya duara ikijisifu 9,900, iache hapo hapo. Omba kufungua moja kabla ya kununua kumi. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu. Dai risiti, kwa sababu bila risiti hata sheria ikiamka haitakujua. Boksi likisema waranti, uliza jina la mtu atakayeilipa. Na mkikaa vijiweni, badala ya kubishana Simba na Yanga kila jioni, jioni moja andikeni barua kwa TBS na FCC, mtaje duka, mtaje bidhaa, mbakize nakala. Barua moja inatupwa. Barua mia zinamtoa mtu jasho.

Mimi nimeanza. Wale kumi niliowauzia, nimekwisha kuwabadilishia betri au kuwarudishia fedha saba. Watatu nawadai subira, na wako hapa wananisikia. Taa ya shangazi nimeitia seli ya kweli na saketi ya kuilinda, nikaziba kasha kwa silikoni. Paneli bado ni ile ndogo, kwa hiyo haifiki usiku wa manane. Inafika saa nne na nusu. Ananiambia inamtosha ubavu mmoja wa mkeka.

Lakini swali lake bado sijalijibu, na siwezi kulijibu peke yangu. "Hiyo waranti, niipeleke wapi?" Mimi nimelipokea kwake nikiwa nimeinamisha kichwa. Nawakabidhi ninyi. Mkirudi mjini mkalifikishe linakohusika, na msikubali kujibiwa kwa karatasi.